Jinsi Fintan Geraghty Alivyoitwaa Kulabu ya Colman

Sogeeni, enyi wenye masikio, na mlioshika vikombe vitueni kwanza, kwa maana habari niliyoileta si ya kusikilizwa huku mtu akitafuna. Wengine na wawasifu wafalme waliovuka mito na majeshi yao. Mimi nasimulia habari za mtu mmoja wa miaka hamsini na sita, mwenye kitambi cha heshima na magoti yanayolia akipanda ngazi, aliyeingia katika bahari ya Rosbrack asubuhi ya Jumamosi moja ya Desemba, akaogelea hadi Jiwe la Askofu, akaligusa, akarudi. Ni mapigo ishirini na mawili kwenda, na ishirini na mawili kurudi. Niliyahesabu mwenyewe, maana nilikuwepo, tena majini.

Shujaa wetu ni Fintan Geraghty, Bwana wa Misumari, Mlinzi wa Rangi na Saruji, ambaye duka lake la vifaa vya ujenzi limesimama kwenye kona ya kanisa tangu enzi ya baba yake. Sifa yake iliyovuma parokia nzima haikuwa nguvu wala sura, ilikuwa ukweli. Mtu huyu hakuwahi kusema uongo, hata ule mdogo wa adabu. Ungemwendea kununua rangi ya dirisha, naye angekutazama kwa huzuni akakuambia, "Usiichukue hii, mama. Mvua mbili tu, inabanduka." Siku dada yake alipoolewa na kumuuliza kama gauni limemkaa, alinyamaza kutoka nyumbani hadi kanisani. Kwa hiyo tulimpenda sana, na tulijifunza kutomuuliza maswali.

Wala bahari hakuijua. Ninyi wa mbali mtashangaa, lakini sisi wa pwani hii ndivyo tulivyo: babu zetu walivua samaki hapa maisha yao yote bila kujua kuogelea, wakisema kwamba anayejua huchelewa tu kufa. Maji ya chumvi hayakuwahi kumpita Fintan ugoko, na hata hayo yalikuwa ya bahati mbaya.

Sasa niwaeleze juu ya kulabu, maana bila kulabu hapakuwa na vita. Pale zinapoanzia ngazi za mawe ziingiazo baharini pana kibanda chenye ukuta mmoja na paa, na katika ukuta huo zimepigiliwa kulabu za chuma, ambako sisi waogeleaji wa Rosbrack hutundika nguo zetu kila asubuhi saa tatu, kiangazi na kipupwe, mvua ya kunyesha na mvua ya kusimama. Kila kulabu ina mwenyewe. Haitolewi kwa cheo wala kwa undugu. Hupewa aliyeogelea mbele ya mashahidi hadi Jiwe la Askofu, akaigusa pete ya chuma iliyo juu yake, akarudi kwa nguvu zake mwenyewe. Mwenye kulabu akifa, kulabu yake hukaa tupu mwezi mmoja, hadi asubuhi ya Misa yake ya kutimiza mwezi. Asipopatikana wa kuirithi, hung'olewa na tundu lake likazibwa kwa saruji. Zamani zilikuwa kumi na mbili. Siku alipofariki Colman Devane zilikuwa nane na viraka vinne, na saruji ya viraka vyote vinne ilitoka, bure kabisa, katika duka la Fintan Geraghty.

Colman alikuwa na kulabu ya tano, na aliogelea kwayo miaka thelathini na mmoja. Mkewe, Attracta, hakuingia majini hata siku moja. Yeye alikaa juu ya ukuta mfupi wa gati, amevaa kofia ya sufu, chupa ya chai mapajani na vikombe viwili, na kila Colman alipopanda ngazi akitetemeka, midomo imegeuka wino, alimuuliza swali lilelile: "Maji yakoje, Colman?" Naye hujibu lilelile: "Supu, Attracta. Supu tupu." Hapo ndipo chai humiminwa.

Baada ya mazishi Attracta aliendelea kuja. Alikaa ukutani na chupa yake na vikombe vyake viwili, akatutazama tukipanda ngazi mmoja baada ya mwingine, na hakumuuliza mtu kitu. Tulivaa soksi zetu kimyakimya, tukiangalia vidole vya miguu. Iliniuma, nami nasema wazi kwamba iliniuma.

Lakini nimetangulia, turudi msibani. Kwetu mtu haingii nyumba yenye msiba na mdomo mtupu. Humpa mfiwa mkono, husema pole, kisha huongeza neno moja la faraja, na neno hilo hakuna anayelipima uzito. Malachy Tuohy, tarishi mstaafu, Mwenye Ulimi wa Miiba, alimwahidi Attracta kumkatia majani ya uani kila wiki, na hadi leo majani hayo yamefika dirishani na hakuna aliyeudhika. Ndivyo tunavyofarijiana.

Basi Fintan akafika mbele ya Attracta, sinia ya mikate ya nyama mkononi, jasho likimtoka. Hakuweza kusema kwamba marehemu anaonekana kama amelala, maana Colman hakuonekana hivyo. Hakuweza kusema amekwenda kupumzika, maana Colman alichukia kupumzika. Foleni ya watu ilikuwa imesimama nyuma yake hadi mlangoni. Ndipo kilipomtoka kinywani kile ambacho vizazi vitakisimulia.

"Bi Attracta," alisema, "kulabu ya Colman haitazibwa. Si kwa saruji yangu."

Attracta akaweka birika chini.

"Kweli, Fintan?"

Mtu mwingine yeyote angesema kweli, angeshiba, na kufika nyumbani angekuwa ameshasahau. Lakini swali hili aliulizwa Fintan Geraghty. Alimtazama Colman kwenye jeneza kana kwamba anamwomba ruhusa, kisha akamgeukia mjane.

"Kweli," akasema.

"Basi Jumatatu saa tatu asubuhi. Uje na taulo."

Hivyo ndivyo vita vilivyotangazwa, kati ya birika na sinia.

Jemadari wetu ni Concepta Heaney, mkunga mstaafu mwenye miaka sabini na tisa, ambaye nusu ya parokia ilitokea mikononi mwake, na Fintan ni mmoja wao. Jumatatu ile shujaa alisimama kwenye ngazi ya tatu, amevaa bukta iliyonunuliwa kabla hajaoa, upepo wa kaskazini ukimpiga ubavuni, maji yakimramba vidole. Akainua mkono wake wa kulia kuelekea upeo wa macho, akaihutubia bahari.

"Ewe bahari!" alinguruma. "Mimi sikukukosea, wala wewe hukunikosea. Miaka hamsini na sita tumeheshimiana, kila mtu kwake. Leo sikuja kwa ubishi. Nimekuja kwa neno nililolitoa, na mtu ni neno lake, na kama unayo huruma yoyote katika kina chako, basi—"

"Umemaliza?" Concepta alimuuliza kutoka majini, maji yakiwa shingoni mwake kana kwamba amejifunika blanketi. "Bahari haina masikio, baba. Shuka ngazi moja."

"Concepta, naogopa."

"Najua unaogopa. Nilikutoa kwenye maji ukilia, na nitakuingiza kwenye maji ukilia. Kwangu yote sawa. Shuka."

Alishuka ngazi moja. Siku hiyo ilikuwa hiyo tu, na alilala hadi jioni.

Wiki ya kwanza aliteka nchi ya magoti. Wiki ya pili alifika mpakani mwa kiuno, na hapo, kama ilivyowapata majemadari wengi kabla yake, akaanza kuitegemea silaha kuliko moyo. Alikwenda katika ghala yake, akachukua mirija ya sponji ambayo mafundi huvisha mabomba ili maji yasigande ndani, akaikata kwa vipimo vya mapaja yake na kiuno chake, akaifunga kwa vibanio vya chuma. Asubuhi ya Alhamisi akateremka gatini akiwa amevaa deraya hiyo ya kijivu, akitembea kama mlango uliong'olewa.

"Haizami hii," alitutangazia, na kwa kuwa ni yeye, tulijua ni kweli.

Haikuzama. Ila aliifunga chini mno. Mara tu alipojilaza majini, mapaja yalipaa, kichwa kikashuka, na bahari ya Rosbrack ikashuhudia miguu miwili myeupe ikielekea mbinguni, imetulia kama mishumaa.

"Concepta!" Malachy alipiga kelele. "Huyu anatanguliza miguu!"

"Nimeshawatoa wengi wa hivyo," alijibu Concepta, akisogea bila haraka. "Mshike kisigino. Usivute, zungusha."

Alipotoka, amemeza lita mbili za chumvi, aliinama kwenye ngazi akikohoa, kisha akavua deraya yake kibanio kimoja kimoja, na hakuivaa tena. Nilimheshimu kuanzia saa hiyo. Angeweza kabisa kurudi dukani kwake, na hakuna ambaye angemlaumu.

Wiki ya tatu alijifunza kupumua, na hilo ndilo gumu, maana baridi ya maji yetu humkaba mtu kifua kabla hajasema lolote. Alijifunza kulala chali. Alipiga mapigo matano, kisha saba, kisha kumi, akiambaa ukuta wa gati, mkono mmoja tayari kuudaka. Na dukani kwake watu walijaa, si kununua, ila kuuliza maji yakoje. Naye, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine, aliwaeleza.

"Ni balaa," alimwambia mwalimu mkuu aliyekuja kutafuta balbu. "Yanauma mpaka kwenye meno. Unatamani mama yako."

"Fintan!" Concepta alimkaripia kesho yake. "Nimehangaika na mwalimu huyo miaka miwili aje aogelee. Leo amenipita barabarani kana kwamba namdai. Huwezi kusema tu ni mazuri?"

"Lakini si mazuri."

"Najua si mazuri! Hakuna anayesema ni mazuri kwa sababu ni mazuri!"

Fintan alilitafakari neno hilo kwa muda mrefu, na nadhani hakulielewa.

Ikawadia Jumamosi ya Misa. Misa ilikuwa saa tano. Saa tatu tulikuwa gatini, mbingu imeshuka na kugusa paa la kibanda, mawimbi si makubwa ila yenye dharau. Kulabu ya tano ilikuwa tupu. Attracta alikuwa ukutani kwake, amevalia nguo nyeusi za kanisani, chupa mapajani. Na tazama, shujaa akateremka njiani, taulo shingoni, na katika mkono wa kulia amebeba ndoo.

"Hiyo nini?" Malachy alimuuliza.

Fintan aliitua ndoo chini ya kulabu ya tano. Ndani yake mlikuwa na saruji iliyokwisha kuchanganywa, laini, mwiko wa fundi umesimamishwa katikati.

"Saruji," alisema. "Ile ya haraka."

"Wewe bwana! Umekuja kuogelea au kujenga?"

"Sijawahi kupita mapigo kumi, Malachy. Nilitoa neno, na nikishindwa leo neno hilo limekuwa uongo. Sasa kama nimeshasema uongo wangu wa kwanza, sitakimbia kwenda kujificha dukani, nikamwacha mtu mwingine aje azibe tundu. Nitaliziba mwenyewe, yeye akiniona." Akamgeukia aliyekaa ukutani. "Samahani, Bi Attracta. Mimi ndivyo nilivyo."

Malachy alitazama pembeni. Attracta aliiangalia ndoo, akamwangalia mwenye ndoo.

"Inaganda kwa muda gani?"

"Dakika ishirini, Bi Attracta. Tano zimeshakwenda."

"Basi unasimama hapo unatuhutubia nini?"

Akashuka. Oh, mngemwona akishuka! Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ile ya vilio. Ya nne, ya tano, ya sita yenye utelezi wa mwani. Hadi ngazi zikaisha, na mbele yake pakawa hapana kitu ila maji na, mbali huko, mweusi na mkimya, mwamba wenye pete. Akavuta pumzi moja, akaziachia ngome za nchi kavu, akajitupa.

Tukaingia nyuma yake, Concepta kushoto, mimi kulia, maana sheria yaruhusu mashahidi lakini yakataza mikono. Pigo la kwanza, la tano, la kumi. Pigo la kumi na moja, na hapo alikuwa amekwisha kuvuka mpaka wa nchi zote alizopata kuzijua. Pigo la kumi na nne, wimbi likaja, si kubwa, ila lilikuwa na nia, likampiga kofi kinywani. Akameza. Akasimama wima palipokuwa hapana pa kusimama. Macho yakamtoka, mikono ikaanza kukamata hewa, na kidevu kikazama, na midomo, na pua. Na mimi nilikwisha kunyoosha mkono nivunje sheria.

"Sukuma!" Concepta alipaza sauti, ile sauti ambayo mama zetu wote waliisikia. "Pumua, sukuma! Usiniachie hapo katikati, Fintan! Sukuma!"

Na mwili wake ukaitii sauti hiyo, kama ulivyoitii mara ya kwanza. Kidevu kikaibuka. Akakohoa, akalala kifudifudi, akasukuma. Kumi na tano. Kumi na nane. Ishirini na moja. Juu ya Jiwe la Askofu, mguu mmoja juu ya pete, alikaa shakwe mkubwa mwenye jicho la njano, mlinzi wa mlango wa mwisho, ambaye hakuonyesha dalili ya kuondoka. Walitazamana, mtu na ndege, ana kwa ana.

"Samahani," Fintan alimwambia, akihema. "Mara moja tu."

Akaigusa pete. Shakwe akamdonoa kidole, na damu ya shujaa ikatiririka juu ya mwamba, tone moja. Kisha akageuka. Safari ya kurudi siwezi kuipamba. Aliogelea macho yamefumbwa, akihesabu kwa sauti kama mtu anayehesabu misumari, na alipofika ishirini na mbili goti lake likagonga ngazi ya sita, akatukana kwa furaha.

Alipanda akiwa na rangi ambayo dukani kwake huuzwa kwa jina la bluu ya mlango. Magoti yaligongana, meno yalipiga ngoma, damu ya kidole ilichuruzika, na kifua kilipanda na kushuka kama mfuko wa kufukutia moto. Tukapanda nyuma yake, na tulikuwa karibu kushangilia, nilipoona Attracta amesimama.

Mwezi mzima hakuwa ameinuka kutoka ukutani pale. Alisogea hatua mbili, chupa kifuani.

"Maji yakoje, Fintan?"

Malachy alifumba macho. Tulijua atakalosema, maana parokia nzima ilikwisha kulisikia: balaa, meno, mama yako. Fintan alifungua kinywa. Akaigeukia bahari, akaitazama kwa muda. Akamtazama yule mwanamke na vikombe vyake viwili. Nikauona uso wake ukifanya kazi ngumu kuliko mapigo yote arubaini na manne, maana huko pia alikuwa anavuka mahali ambapo hakuwahi kufika.

"Su—" meno yakamkatiza. Akayabana. "Supu, Bi Attracta. Supu tupu."

Attracta alimwangalia usoni, machozi yakamtoka, na katikati ya machozi akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni ambacho hatukukisikia tangu Colman alipougua.

"Mwongo mkubwa, we!" alisema, akifungua chupa. "Kunywa kabla hujafa."

Fintan akakipokea kikombe kwa mikono miwili. Concepta alimvua taulo lililolowa mabegani, akalitundika kwenye kulabu ya tano, nalo likaning'inia hapo likidondosha maji, na hapakuwa na bendera iliyopata kupandishwa kwa heshima kubwa zaidi juu ya ngome yoyote.

Ni Malachy aliyeikumbuka ndoo. Aliushika mwiko, akavuta. Akaweka mguu ukutani, akavuta tena, akamtukana fundi aliyeugundua. Saruji ilikwisha kuganda, mwiko ndani yake hadi shingoni.

"Umepoteza ndoo, bwana mkubwa. Na mwiko."

"Ya haraka kweli hii," alisema Fintan, na katika kutetemeka kwake kote alisikika akijivuna. "Sikuwadanganya wateja."

Ndoo ile ipo hapo hata leo, chini ya kulabu ya tano, na ndiyo tunayokalia kuvaa soksi, ukijihadhari na mwiko. Dukani, Fintan bado atakuambia rangi itabanduka, na ukimuuliza kuhusu gauni lako atanyamaza. Lakini saa tatu asubuhi, akipanda ngazi bluu kama mlango, anaulizwa, anajibu, na chai inamiminwa. Mwalimu mkuu aliyasikia majibu hayo akipita na mbwa wake, akasema kama Geraghty amesema ni supu, basi ni supu. Na Jumatatu alikuja na taulo, na hajatusamehe.

Basi waandikao historia ya dunia, na waandike vita vyao na mikataba yao, lakini waache mstari mmoja kwa ajili yetu: kwamba mwaka ule, katika ukuta wa kibanda cha Rosbrack, viraka vilikuwa vinne, na vikabaki vinne.